Simu Haijui Mpaka: Namna ya Kuchagua Huduma ya Simu Ukikaa Karibu na Nchi Nyingine

Mkulima akaaye karibu na mpaka ana faida moja na taabu moja. Faida yake ni kwamba ana masoko mawili: la huku likilala, huenda la ng'ambo limechangamka. Taabu yake ni kwamba simu yake nayo ina minara ya nchi mbili ya kusikiliza, na mara nyingine huchagua ule usiotakiwa bila kumwuliza mwenyewe.

Taabu hii yajulikana Taveta na Loitokitok, Namanga na Isebania, Lunga Lunga na Vanga, na hali kadhalika Busia na Malaba. Mtu ameketi kwake, katika shamba lake, ndani ya Kenya. Hakuvuka po pote. Ghafula simu inamletea salamu za kumkaribisha katika nchi jirani. Akipiga simu, salio lapungua upesi kuliko desturi, au simu yakataa kabisa. Wengine husema kampuni imewaibia. Wengine husema simu imeharibika. Mara nyingi si hili wala lile. Simu imefanya kazi yake kama ilivyofundishwa. Ni mwenyewe ambaye hakuiambia anataka nini.

Tuseme kuna mkulima wa ndizi karibu na Taveta. Mnunuzi amemwambia, "Mzee, kata mikungu 40. Lori likifika Mwatate nitakupigia simu, unielekeze njia." Mikungu imekatwa. Lakini usiku ule simu imeshika mnara wa Tanzania, na kwa kuwa intaneti ilikuwa wazi, salio lote limekwisha mtu akiwa amelala. Asubuhi mnunuzi apiga simu, nayo haiingii, maana huko ng'ambo huenda hata kupokea simu kunalipiwa, na laini haina kitu. Mnunuzi hangoji. Anapakia kwa jirani. Ndizi zilizokwisha katwa hazirudi mgombani.

Hasara ya namna hii yaweza kuzuiwa, wala haihitaji simu ya bei kubwa. Yahitaji kujua mambo machache, na kufanya majaribio ya wiki moja.

KWA NINI SIMU YAVUKA NA WEWE HUJAVUKA

Simu ya mkononi huongea na mnara kwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo hayaoni nguzo za mpaka wala hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Mnara wa kawaida wa simu za 2G, pasipo mlima wala kitu cha kuzuia, waweza kuhudumia simu iliyo mbali hata kilomita 35. Mawimbi ya megahezi 900 husafiri mbali zaidi kuliko yale ya 1800 au 2100. Basi mnara uliojengwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo waweza kusikika vizuri sana huku kwetu.

Umbo la nchi nalo lina sehemu yake. Taveta iko chini, na upande wa Tanzania nchi yapanda kuelekea Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895. Mnara ukiwa juu mteremkoni huona mbali, kama mtu aliyepanda mti aonavyo shamba zima. Lakini mnara wa huku, uliotengwa nawe na kilima au msitu wa miti mirefu, waweza kuwa karibu na bado usikusikie.

Kila mtandao una namba yake ambayo simu huisoma. Namba za mitandao ya Kenya huanza na 639, za Tanzania 640, na za Uganda 641. Simu yenye laini ya Kenya hutafuta kwanza mtandao wa kampuni yake. Isipousikia, huangalia kama kampuni yake ina mapatano na mtandao mwingine, hata wa nchi nyingine, kisha hujiunga nao. Huduma hiyo ya kutumia mtandao wa ugenini huitwa romingi.

Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Simu ikisha shika mnara wa nchi nyingine, na ikiwa ingali inausikia vizuri, haina haraka ya kurudi. Huenda mnara wa kwenu ulipotea kwa dakika 5 tu, umeme ulipokatika, kisha ukarudi. Simu yaweza kukaa ugenini kwa saa nyingi baadaye. Kuizima na kuiwasha husaidia pengine, lakini si dawa ya kutegemea.

DALILI ZA KUTAZAMA

Saa ya simu haitakuonya, kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda hufuata saa moja. Tazama mambo haya matatu. Kwanza, jina la mtandao lililoandikwa kwenye kioo: je, ni jina la kampuni yako au ni jingine? Pili, alama ya herufi R karibu na vijiti vya mawimbi. Simu nyingi huionyesha zikiwa ugenini. Tatu, ujumbe wa kukukaribisha. Usiufute kabla ya kuusoma, kwani mara nyingi ndani yake mna bei utakazotozwa.

Zoea kutazama jina hilo kabla ya kupiga simu, kama unavyotazama mizani kabla ya kuuza mahindi.

GHARAMA ILIKO

Simu ikiwa ugenini, wewe wahesabiwa kuwa umesafiri. Kumpigia jirani aliye umbali wa mashamba mawili kwaweza kutozwa kama simu ya kutoka nchi nyingine. Vifurushi ulivyonunua vya kutumia Kenya huenda visifanye kazi huko, na ukatozwa salio la kawaida kwa bei ya ugenini.

Mla salio mkubwa, naye hana kelele, ni intaneti. Simu za kisasa hupokea picha, hujisahihisha na kuuliza habari zenyewe, hata zikiwa mfukoni. Mwenye simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo mulika mwizi, hana hofu kubwa hapo. Mwenye simu ya kioo yafaa aingie katika mipangilio ya simu na kuizuia intaneti isifanye kazi wakati wa romingi. Ni kazi ya dakika moja. Usipoiweza, mwombe kijana wa nyumbani akufanyie mbele ya macho yako, ili siku nyingine uifanye mwenyewe.

JARIBU KWANZA, KISHA UCHAGUE

Mtu wa mjini aweza kuchagua kampuni kwa kulinganisha bei, maana minara imemzunguka. Mtu wa mpakani hawezi. Kwake swali la kwanza si "Ni ipi rahisi?" bali ni "Ni ipi inayonifikia hapa nifanyapo kazi?"

Fanya jaribio hivi. Chukua simu moja ya laini mbili, au simu moja tu na laini za kampuni mbalimbali zilizoandikishwa na watu wa nyumbani mwako. Tumia simu ile ile kwa laini zote, kwa sababu simu hazina masikio sawa. Chukua daftari na kalamu. Kwa siku 7, asubuhi, adhuhuri na usiku, simama mahali hapa: ndani ya nyumba, kwenye ghala, kwenye boma la ng'ombe, mwisho wa shamba ulio chini kabisa, na mahali lori linapopakia. Kila mahali andika mambo mawili: jina la mtandao ulioonekana, na kama simu uliyopiga iliingia na kusikika. Usiridhike na kuhesabu vijiti vya mawimbi. Vijiti vinne vya mtandao wa ng'ambo ni vibaya kuliko viwili vya kwenu.

Usijaribu ndani ya nyumba peke yake. Mabati huzuia mawimbi, na simu isiyosikia chini ya paa la mabati yaweza kusikia vizuri ukitoka mlangoni. Jaribu pia siku ya soko, watu wanapokuwa wengi na mnara una kazi nyingi.

Sasa linganisha bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya kampuni yo yote. Huduma ya kwanza yatoza Shs. 3 kwa dakika, ya pili Shs. 4. Mkulima huongea dakika 10 kwa siku. Kwa siku 30, ya kwanza itamgharimu Shs. 900 na ya pili Shs. 1,200. Ya kwanza yaonekana kuwa na faida ya Shs. 300. Lakini daftari laonyesha kwamba ile ya kwanza, kwenye mahali pa kupakia, hushika mnara wa ng'ambo siku 4 katika 7. Akikosa mnunuzi mara moja tu, na akalazimika kuuza mikungu 40 kwa kupunguza Shs. 50 kila mmoja, amepoteza Shs. 2,000. Ile rahisi imekuwa ghali. Rahisi huvunja upishi, na hapa huvunja biashara.

Ukiona kwamba kampuni yako si yenye kufika kwako, huna haja ya kupoteza namba yako ambayo wanunuzi wote wanaijua. Tangu mwaka 2011 mtu katika Kenya aweza kuhama kampuni moja kwenda nyingine na namba yake ile ile. Lakini kabla ya kuhama, uliza hali ya pesa zilizomo katika laini na madeni yako, ukayamalize kwanza.

IFUNGE SIMU KWENYE MTANDAO WA KWENU

Ukisha chagua, iambie simu isichague yenyewe. Ingia katika mipangilio, fungua sehemu ya mtandao, uondoe uchaguzi wa simu yenyewe, na uchague kwa mkono mtandao wa kampuni yako. Simu nyingi, hata zile ndogo za vitufe, zina nafasi hiyo. Ikisha fungwa hivyo, mnara wa ng'ambo ukiita, simu haitaitika.

Lakini kila dawa ina masharti yake. Simu iliyofungwa, ikifika mahali ambapo mtandao wako hausikiki, itanyamaza tu. Kwa hiyo tafuta katika daftari lako mahali pazuri pa kuiweka usiku: dirishani, au upande wa nyumba unaoelekea mnara wa Kenya. Na siku utakapovuka kweli, kwenda Himo au Moshi, kumbuka kuifungua tena, na kuifunga ukirudi.

Watu huuza mashine za kuongeza mawimbi. Usinunue yo yote isiyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mashine mbaya huharibu mawasiliano ya majirani, na mwenye kuitumia aweza kushtakiwa.

Tena andika namba zote katika simu yako kwa kuanza na +254, si kwa 07. Za Tanzania ziandike kwa +255, na za Uganda kwa +256. Namba iliyoandikwa hivyo huita ukiwa upande wo wote. Wengi hudhani simu imekufa, kumbe ni 07 tu isiyoeleweka na mtandao wa ugenini.

JE, NIWE NA LAINI YA NG'AMBO?

Mkulima auzaye nyanya au ndizi zake Tanzania kila wiki aweza kupata faida akiwa na laini ya Tanzania, ili wanunuzi wake wa huko wampigie kwa bei ya kwao. Simu ya laini mbili hutosha. Lakini yule avukaye mara moja kwa miezi mitatu hana haja nayo. Itamletea kazi ya kuitunza tu.

Ukiitaka, iandikishe kwa jina lako mwenyewe na kwa karatasi zako mwenyewe. Kenya ina kanuni juu ya kuandikisha laini za simu. Tanzania ilianza mwaka 2019 kuandikisha laini kwa alama za vidole. Usikubali kununua laini iliyokwisha andikishwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama muuzaji ni rafiki. Siku itakapopotea hutaweza kupewa nyingine, na pesa zilizomo, kwa maandishi, ni za yule mwenye jina. Na kama mwenye jina ana kesi, wewe ndiwe utakayetafutwa.

PESA KATIKA SIMU

Hapa pana kosa ambalo limewapata wengi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Jina ni moja, lakini mifuko ni miwili. Mmoja una shilingi za Kenya, wa pili una shilingi za Tanzania, na kila mmoja una kampuni yake na wakala wake. Wakala wa Holili hawezi kukutolea pesa za laini yako ya Kenya kama afanyavyo wakala wa Taveta.

Kutuma pesa kati ya mifuko hiyo miwili kuliwezekana tangu mwaka 2015. Ni njia salama kuliko kubeba noti njiani, lakini hesabu mambo mawili kabla ya kubonyeza: gharama ya kutuma, na kima cha kubadilisha shilingi za Tanzania kuwa za Kenya. Mwulize mnunuzi wako, "Je, bei tuliyopatana ni ya pesa zitakazofika kwangu, au za kutoka kwako?" Swali hilo liulizwe kabla ya kupakia, si baadaye.

Namba yako ya Kenya ndiyo iliyoandikwa katika chama cha ushirika, katika benki, na katika daftari la wakulima wanaopata mbolea ya ruzuku, ambao hupelekewa ujumbe kwa simu. Basi laini hiyo isibadilishwe ovyo wala kuachwa bila kutumiwa kwa miezi mingi. Ikiwa una laini mbili, hiyo ndiyo ya nyumba. Ile ya ng'ambo ni ya soko.

WALIO KARIBU NA UGANDA

Mkulima wa Busia au Malaba ana hali iliyo tofauti kidogo. Zamani, mwaka 2006, kampuni ya Celtel ilianza kuwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia simu katika nchi hizo tatu bila gharama za romingi. Baadaye serikali zenyewe ziliingia. Kuanzia miaka ya 2014 na 2015, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini zilipatana kupunguza gharama za simu baina yao, na mtu asitozwe kwa kupokea simu akiwa katika nchi mojawapo. Mpango huo ulianza na maongezi ya sauti, na Tanzania haikuwa ndani yake ulipoanza.

Basi usichukue habari za ndugu yako wa Malaba ukazitumia Namanga. Mpaka na mpaka hazifanani. Ipigie simu kampuni yako uulize mambo matatu: nikiwa kwenye mtandao wa nchi jirani, kupiga ni kiasi gani, kupokea ni kiasi gani, na intaneti ni kiasi gani? Andika majibu katika daftari pamoja na tarehe, kwa sababu bei hubadilika.

UKIPATWA NA HATARI

Namba 112 hutumika Kenya na Tanzania pia kwa kuita msaada. Lakini simu ikiwa imeshika mnara wa ng'ambo, atakayeitika ni askari wa ng'ambo. Usishangae. Sema kwanza nchi uliyomo na jina la mahali, kisha ueleze hatari. Pia uwe na namba ya kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na ya chifu, zikianza na +254.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tazama jina la mtandao kabla ya kupiga simu.
2. Zuia intaneti isifanye kazi wakati wa romingi.
3. Jaribu kampuni zote zilizopo kwa siku 7, mahali unapofanyia kazi, na uandike katika daftari.
4. Ukisha chagua, ifunge simu kwenye mtandao wako. Ukivuka, ifungue.
5. Andika namba kwa +254, +255 au +256.
6. Laini iwe kwa jina lako mwenyewe.
7. Laini ya pesa na ya Serikali iwe moja, nayo uitunze.

Ikiwa umefanya hayo yote na hakuna kampuni yo yote ya Kenya inayofika kwako, tatizo si simu yako. Ni mnara uliokosekana. Hapo mtu mmoja akilalamika peke yake hasikiki sana. Wakulima wa kata yenu wakae barazani na chifu, waandike kampuni ipi haisikiki, vijiji gani, na kwa saa zipi. Madaftari yao yatakuwa ushahidi. Wapeleke barua kwa kampuni kwanza, na wasipojibiwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo inasimamia mfuko wa kupeleka huduma mahali ambapo kampuni hazijafika.

Mkulima wetu wa ndizi naye aweza kufanya vivyo hivyo. Mara nyingine mnunuzi atakaposema atapiga simu kutoka Mwatate, atazame kioo kabla ya kulala, aone jina la mtandao wa kwao limeandikwa pale, aiweke simu dirishani, kisha ndipo anoe panga la kukatia mikungu.